Katika mji ghali, kipato cha kati hupimwa kwa kinachobaki

Swali linaloletwa mara nyingi kwenye dawati letu la ushauri wa fedha za kaya halihusu uwekezaji wala mikopo. Mtu anakaa, anaweka hati yake ya mshahara mezani, kisha anauliza kwa sauti ya chini: "Kwa hela hii, mimi ni mtu wa kipato cha kati au najidanganya?" Aibu iliyomo ndani ya swali hilo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Watu wachapakazi, wenye mshahara ambao wazazi wao wangeuita utajiri, wanaamini wameshindwa maisha kwa sababu tarehe 20 haijafika na akaunti imekwisha kukauka.

Vipimo rasmi vipo. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, huihesabu kaya kuwa ya kipato cha kati ikiwa inapata kati ya asilimia 75 na 200 ya kipato cha katikati cha nchi yake. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani huanzia theluthi mbili ya kipato hicho na kuishia mara mbili yake. Ukitaka kujua kipato cha katikati, zipange kaya zote kwenye mstari mmoja, kuanzia yenye kidogo hadi yenye kingi, kisha simama mbele ya ile iliyo katikati kabisa. Usikichanganye na wastani wa kujumlisha na kugawanya. Matajiri wachache wakiongezeka, wastani huo hupanda hata kama maisha ya wengine wote hayajasogea.

Wakokotoaji huangalia pia ukubwa wa kaya. Kwa kanuni inayotumika sana, watu wanne wanaoishi pamoja huhitaji takriban mara mbili ya anachohitaji mtu mmoja, kwa kuwa jiko ni moja na paa ni moja. Ndiyo maana mshahara uleule unamtosha kijana anayeishi peke yake, na ukiingia kwenye nyumba yenye watoto wawili hauonekani ulipokwenda.

Kasoro ya vipimo hivi inaanzia kwenye neno "nchi". Mstari tunaoupanga ni wa taifa zima, ilhali kodi ya nyumba hulipwa mahali mtu anapolala. Mwaka 2018 wizara ya nyumba ya Marekani iliweka mpaka wa kipato cha chini kwa familia ya watu wanne katika eneo la San Francisco kuwa dola 117,400 kwa mwaka. Fedha hiyo ilikaribia mara mbili ya kipato cha katikati cha Marekani nzima. Familia ileile, kwa hesabu ya taifa, ilikuwa ndani ya tabaka la kati, na kwa hesabu ya mtaani kwake ilistahili kufikiriwa kwenye programu za msaada wa makazi. Hesabu zote mbili ni sahihi. Zinajibu maswali tofauti.

Kinacholeta tofauti hiyo kwanza ni nyumba. Ripoti ya OECD ya mwaka 2019 kuhusu tabaka la kati ilionyesha kuwa makazi yanakula karibu theluthi moja ya kipato cha kaya hizi baada ya makato, wakati katika miaka ya 1990 yalikula robo. Ardhi iliyo karibu na kazi haiongezeki. Waajiri wakipandisha mishahara ili kuwavuta watu, watu haohao huzigombania nyumba zilezile, na sehemu kubwa ya nyongeza huishia mikononi mwa wenye nyumba. Kisha gharama hiyo husambaa: mlezi wa watoto, fundi na mwalimu nao wanapanga humohumo mjini, kwa hiyo ada na bei zao lazima zibebe kodi zao pia.

Tuitazame kaya moja kwa karibu. Namba ni za mfano tu. Wazazi wawili wanafanya kazi, watoto ni wawili, mapato yote kabla ya makato tuyaite sehemu 100. Makato ya serikali, pensheni na bima yanaondoa 28. Zimebaki 72. Kodi ya nyumba inachukua 30, malezi ya mtoto mdogo 12, usafiri 9, chakula 14, umeme, maji, simu na intaneti 5. Zimebaki 2. Hizo mbili zisubiri viatu vya shule, jino linalouma, msiba na akiba. Kaya nyingine ya ukubwa uleule, katika mji wa bei nafuu, inapata sehemu 60. Makato 13, nyumba 12, malezi 5, usafiri 3, chakula 11, huduma za nyumbani 4. Inabakiwa na 12, mara sita ya kaya ya kwanza. Kwenye hati ya mshahara kaya ya kwanza iko juu sana. Ukiangalia kinachobaki, inaishi kijungu meko.

Naomba tuache kuwahukumu watu kwa vitu walivyo navyo. Televisheni na simu zimeshuka bei mno, huku nyumba, matibabu na elimu vikipanda. Mtu anaweza kushika simu nzuri na asiwe hata na robo ya malipo ya awali ya nyumba, wala huo si ufujaji. Angeiuza simu ile kesho, bado asingeukaribia mlango wa nyumba.

Wala usijilinganishe na mwenzako wa meza ya pili mnayelipwa sawasawa, kabla hujajua analala wapi. Kama amerithi nyumba, zile sehemu 30 za kodi zinabaki kwake kila mwezi. Mshahara ni mmoja, kazi ni moja, na bado mmoja anajenga akiba wakati mwingine anahesabu siku za kufika mwisho wa mwezi. Hati ya mshahara haionyeshi mali, na katika miji ghali mali ndiyo inayoamua mengi. Huko Singapore, ambako wakazi wapatao wanane kati ya kumi wanaishi katika nyumba zilizojengwa na mamlaka ya umma iliyoanzishwa mwaka 1960, sera ya serikali imeubeba mzigo huu ambao kwingine kila kaya hujitwika yenyewe.

Mimi huita maisha ya kati yale ambayo friji likiharibika, linatengenezwa bila kukopa, na kazi ikikatika, kodi ya nyumba inalipwa huku mtu akitafuta nyingine. Basi fanya hesabu hii leo. Jumlisha matumizi yasiyokwepeka ya mwezi mmoja, kisha chukua akiba unayoweza kuitoa ndani ya siku chache na uigawanye kwa jumla hiyo. Jibu ni idadi ya miezi ambayo kaya yako inaweza kusimama bila mshahara. Pensheni usiiingize, kwa kuwa kwa kawaida huwezi kuigusa unapoihitaji. Kiwango ambacho benki iko tayari kukukopesha nacho usikiingize. Ukipewa ofa ya kazi katika mji ghali zaidi, irudie hesabu kwa kodi za nyumba za huko kabla hujasaini.