Sio kila chenye miguu mitatu ni transista: mambo tunayoambizana kwenye elektroniki kumbe hayapo hivyo

Mtu anakuja na bredibodi (ule ubao wa plastiki wenye matundu wa kujaribishia saketi) imejaa waya, anasema saketi imegoma na mchoro ameufuata wote mwanzo mpaka mwisho, na kweli ukiangalia waya zote zipo sehemu yake. Mara nyingi nikikuta hivyo tatizo linakuwa kwenye kifaa chenyewe, yaani amekitambua kwa sura tu, au kuna mtu alimfundisha kitu cha nusu ukweli akakibeba hivyohivyo. Hii inaniuma kwa sababu vijana wengi wanaacha elektroniki hapo hapo wakidhani hawana akili ya hii kazi, kumbe walidanganywa mwanzoni kabisa.

Tuanze na hili la miguu mitatu manake ndio linaloua vifaa vingi. Kile kidude cheusi kidogo, upande mmoja bapa upande wa pili mviringo, watu wote wanakiita transista, yaani kifaa cha kukuza umeme au kuuwasha na kuuzima. Hilo ni ganda tu jamani, linaitwa TO-92, na ndani yake kiwandani wanaweka vitu tofauti kabisa. Inaweza kuwa transista BC547, inaweza kuwa 78L05 ambayo kazi yake ni kushusha umeme uwe volti 5, inaweza kuwa LM35 au DS18B20 ambazo zote mbili zinapima joto. Na hizo mbili za mwisho ndio mtego wenyewe, kwa sababu ukiigeuza LM35 upande bapa ukuangalie na miguu iwe chini, mguu wa kushoto ni chanya na wa kulia ni graundi, DS18B20 ni kinyume chake, kushoto graundi kulia chanya. Sasa mtu anachomoa moja anachomeka nyingine palepale kwa sababu zinafanana na zote ni za joto, anawasha, kifaa kinakula umeme kinyume na kinachemka mpaka hakishikiki. Mimi niliwahi kukishika kikanichoma kidole, tangu siku hiyo sichomeki kitu chochote bila kusoma maandishi yake kwa lenzi, na kama yamefutika naiomba kamera ya simu ikuze.

Alafu hata kikiwa transista kweli bado hujamaliza. Kuna wanaosema miguu ya transista inapangwa sawa zote, kolekta, besi, emita. BC547 ndio iko hivyo, kushoto kwenda kulia ukiangalia ubapa. Lakini 2N3904 inaanza na emita, besi katikati, kolekta mwisho. Na kuna hii inayochanganya hata mafundi wazoefu: PN2222A inaanza na emita, ila P2N2222A inaanza na kolekta, herufi zilezile karibu zote na kazi ileile ila miguu imegeuka. Ukikosea hapo transista haifi lazima, saa zingine inafanya kazi kinyongenyonge, relei (swichi inayovutwa na umeme) haivuti vizuri, sauti inakuwa ndogo, na mwenyewe anaondoka anasema ameuziwa feki wakati kifaa kizima.

Dawa ni mita. Weka kwenye alama ya dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), tafuta mguu ambao ukiugusa na waya nyekundu, ile nyeusi ikigusa miguu miwili iliyobaki unasoma kama 0.6 au 0.7 kote kote, huo ndio besi na transista yako ni NPN, moja kati ya aina mbili za transista hizi. Ukipata hivyo hivyo ila waya nyeusi ndio iko kwenye besi na nyekundu inagusa miguu mingine, basi ni PNP, aina ya pili. Na ukiangalia namba vizuri, upande wa emita unasoma juu kidogo kuliko upande wa kolekta. Hii ni dakika moja tu, iwe umenunua mpya Kariakoo au umeing'oa kwenye redio mbovu, piga mita kwanza.

"Mstari ni hasi." Hili nalo linasemwa kama sheria. Kwenye kapasita (vifaa vinavyotunza chaji) za duara zile za maji, ndio, mstari wenye alama ya kutoa unaonyesha mguu hasi. Kwenye dayodi mstari unaonyesha kathodi, yaani upande wa hasi. Ila kwenye kapasita za tantalamu, zile ndogo za rangi ya njano au chungwa, mstari unaonyesha CHANYA. Ukiiweka kinyume inaweza kuwaka moto kabisa, sio kutoa moshi tu, kwa hiyo usiibahatishe.

Kuhusu namba 104 kwenye kapasita ndogo za seramiki, sio maikrofaradi 104. Unasoma 10 alafu unaongeza sifuri nne, jibu ni pikofaradi 100,000 ambayo ni maikrofaradi 0.1. Basi. Na ile volti iliyoandikwa kwenye kapasita ni mwisho wa uvumilivu wake, sio volti inayotoa, kwa hiyo ya volti 16 ikifa unaweza kuweka ya volti 25 yenye maikrofaradi zilezile, kinachokatazwa ni kushuka.

Sasa adapta. Rauta yako inataka volti 12 ampea 1, adapta yake imekufa, jirani anayo ya volti 12 ampea 2, unaogopa kwamba ampea zikizidi zitaichoma. Haziichomi. Volti ndio zinasukumwa na adapta kwa hiyo lazima zilingane, ila ampea ni kifaa chenyewe kinachota kinachohitaji, hizo zilizoandikwa ni uwezo wa juu wa adapta. Ni kama tenki kubwa na kikombe, tenki kuwa kubwa hakukifanyi kikombe kifurike. Ubaya ni ukienda kinyume, adapta ya nusu ampea kwenye kifaa cha ampea 1, hapo adapta inachemka au rauta inazima na kuwaka yenyewe kila saa. Angalia pia ncha ya ndani ya plagi kama ni chanya au hasi, wengi wanasahau hilo alafu wanasema ampea ndo zimeunguza.

Taa za LED nazo, watu wanabishana sana rezista (kifaa cha kuzuia umeme usipite mwingi) ikae mguu upi, wengine wanaapa lazima iwe chanya ili "ipunguze umeme kabla haujafika". Umeme kwenye njia moja ya mfululizo ni uleule kila sehemu, iweke mbele iweke nyuma taa inapata kiasi kilekile. Kilicho muhimu iwepo. LED nyekundu inachukua kama volti 2, ukiwa na volti 5 zinabaki 3, ukiweka rezista ya omu 220 unapata kama miliampea 14, inatosha kabisa. Kwenye betri ya volti 9 weka omu 470. Kuna anayesema mbona yeye alichomeka LED kwenye kale kabetri bapa ka saa, CR2032, bila rezista na ikawaka vizuri, ni kweli, kwa sababu kale kabetri ndani yake kana ukinzani wake ambao unafanya kazi ya rezista. Ukijaribu hivyo kwenye betri ya laptop utaipoteza taa hapo hapo.

Rezista zenyewe hazina chanya wala hasi, ila kusoma rangi kuna upande wa kuanzia. Njano, zambarau, nyekundu, dhahabu ni omu 4,700, na ile dhahabu inakaa mwisho, inasema inaweza kupishana kwa asilimia 5. Zile za buluu zenye mistari mitano zinasumbua kwa sababu mstari wa mwisho mara nyingi ni kahawia na kahawia inaweza pia kuwa ya kwanza, unaisoma kinyume unapata jibu jingine kabisa. Na usiku chini ya taa, rangi nyekundu na ya chungwa zinafanana. Pima tu, ila ing'oe mguu mmoja kwanza, ukipima ikiwa ndani ya saketi mita inasoma na majirani zake wote.

Nirudi kwenye bredibodi yenyewe. Jina lilitokana na mbao halisi za kukatia mkate, wapenzi wa redio zamani walikuwa wanapigilia misumari juu yake wanafunga waya, hizi za plastiki zenye matundu zimekuja baadaye sana, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watu wanadhani zile reli za pembeni, yaani mistari mirefu ya kuingizia umeme, zimeunganika mwanzo mpaka mwisho. Kwenye nyingi za matundu 830 zimekatika katikati, ukiona mstari wa rangi umeachia nafasi pale kati ndio dalili, unatakiwa uruke na kawaya. Unakuta nusu ya saketi inapata umeme na nusu haina kitu, mtu anabadilisha IC (chipu) tatu bure.

Na saketi kugoma kwenye bredibodi haimaanishi mchoro ni mbovu. Ukishachomeka miguu minene, kwa mfano dayodi kubwa za ampea 3, vile vichuma vya ndani vinatanuka na baadaye mguu mwembamba unalegea humo humo. Vilevile mstari mmoja na wa jirani yake vinakuwa na ukapasita kidogo, pikofaradi chache, ambazo kwenye taa ya kuwaka na kuzima hazina shida yoyote lakini ukijenga kitu cha FM, megahezi 88 hadi 108, ambapo kapasita yako yenyewe ni pikofaradi kumi na kitu, masafa yanahama kila ukisogeza mkono. Hiyo choma na lehemu kwenye bodi, miguu iwe mifupi.

La mwisho linahusu uhai. Wengi tunapata vifaa kwa kung'oa kwenye TV na redio zilizokufa, na kuna imani kwamba ukishachomoa waya ukutani basi umeme umeisha. Umeme wetu wa volti 230 ukipita kwenye dayodi unajaza ile kapasita kubwa ya paawa mpaka kama volti 325, na kama saketi ilikufa ikiwa imejaa inaweza kubaki na chaji muda mrefu. Usiipige shoti na bisibisi kama wanavyofanya wengine, cheche inakula bisibisi na inaweza kuruka machoni. Pima kwa mita ikiwa kwenye volti za DC, elfu moja, mkono mmoja uweke mbali, alafu gusisha miguu yake kwa waya zenye ngozi nzima zilizofungwa kwenye balbu ya zamani ya wati 60, subiri kidogo, pima tena, ikisoma chini ya volti 5 ndo unachukua pasi ya lehemu uanze kung'oa.