Lita 255 za kwenye boksi: pampu na paipu za mafuta kwa injini ya turbo

Namba 255, yaani lita kwa saa, iliyochapishwa kwenye boksi la pampu ya mafuta imechangia kuunguza pistoni nyingi. Si namba ya uongo. Kwa kawaida imepimwa kwenye presha ya bar 3 na umeme wa volti 13.5, hali ambayo injini ya turbo haipo nayo pale mafuta yanapokanyagwa hadi mwisho.

Tuchukue Subaru Impreza WRX yenye injini ya EJ20 inayotafutiwa nguvu farasi 400, zikipimwa kwenye injini na si kwenye magurudumu. Turbo ya petroli hula takribani kilo 0.27 kwa kila nguvu farasi kwa saa. Mara 400 ni kilo 108. Gawanya kwa 0.74, uzito wa lita moja ya petroli, upate lita 146 kwa saa. Ongeza asilimia 20 ya akiba: lita 175.

Inaonekana 255 imetosha na kubaki. Lakini regulata, kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta, huipandisha sambamba na busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo: bar 3 za msingi ukijumlisha busti ya bar 1.5, reli ya nozeli (bomba linalozigawia nozeli mafuta) inadai bar 4.5. Hapo pampu hiyo hubaki na lita 200 na kidogo. Volti zikishuka hadi 12, toa tena kama asilimia 15. Akiba imekwisha, na gari bado halijatoka gereji. Kwa hiyo usinunue pampu isiyo na grafu ya presha dhidi ya lita.

Kuna jambo ambalo mafundi wa Nairobi hulisahau. Kule juu, karibu mita 1,800, hewa ni nyepesi. Gari lililotuniwa (lililorekebishwa injini) Nairobi kwa busti ya bar 1.5 likishuka Mombasa na geji ya busti ikisoma ileile 1.5, injini inavuta hewa zaidi kwa karibu asilimia 8, na mafuta lazima yafuate. Pampu iliyokuwa inatosha kwa shida sasa haitoshi, na injini inaanza kugonga.

Kabla ya kulaumu pampu, pima umeme kwenye plagi yake ikiwa inafanya kazi. Waya wa kiwandani ni mwembamba, na Subaru na Toyota nyingi za turbo zina kidhibiti kinachopunguza umeme wa pampu makusudi. Vuta waya wa milimita za mraba 4 moja kwa moja kutoka kwenye betri, weka fyuzi ya ampea 20 karibu na betri, na uache waya wa zamani uwashe relei (swichi ya umeme) tu. Ethi, waya wa kurudisha umeme, nayo iwe nene vilevile. Tofauti kati ya betri na pampu ikizidi nusu volti, bado kuna kasoro.

Kwenye paipu watu hutumia pesa bure. Magari mengi ya Kijapani yana paipu ya milimita 8 kwa nje, kama 6.5 kwa ndani. Kwa lita 255 kwa saa, mita 4 za paipu hiyo hupoteza takribani robo ya bar. Ukiweka paipu ya saizi ya AN-6, yenye upenyo wa ndani wa karibu milimita 8.7, hasara inashuka hadi kama bar 0.07. Kwa farasi 400 ya kiwandani inavumilika. Kuanzia 500 ningeibadilisha. AN-8, saizi inayofuata, kwa gari la barabarani ni mapambo.

Kinachobana kweli ni paipu ya kurudisha mafuta, mara nyingi milimita 6. Pampu kubwa ikisukuma na injini haijakanyagwa, karibu mafuta yote lazima yarudi tangini. Chomoa kimpira cha vakyumu cha regulata: geji ya presha ya mafuta ikisoma 3.6 badala ya 3, paipu ya kurudi au regulata yenyewe ni ndogo.

Ndani ya tangi, mpira uwe wenye alama SAE J30R10. Ule wa J30R9 ni wa nje ya tangi tu. Ukizamishwa hulainika na kupasuka, presha ikavujia ndani ya tangi usijue.

Kipimo cha mwisho ni cha bei ndogo. Injini ikiwa imezimwa, elekeza paipu ya kurudi kwenye chombo chenye alama za lita. Kwa pampu ya baiskeli yenye geji, jaza bar 1.5 kwenye kichwa cha vakyumu cha regulata, kisha washa pampu ya mafuta kwa sekunde 30, mbali na cheche, kizimamoto kikiwa mkononi. Zidisha ulichokusanya kwa 120 upate lita kwa saa. Gari letu linahitaji lita 1.46 au zaidi kwenye chombo. Ikitoka 1.2, usiguse busti.