Nyuki wakiisha tunabakiza miaka 4? Hapana jamani

Ile meseji imerudi tena kwenye magrupu, eti nyuki wakitoweka binadamu anabakiza miaka 4 tu, na chini yake jina la mwanasayansi mkubwa aliyekufa zamani. Kwenye maandishi yake maneno hayo hayajawahi kuonekana.

Tuje kwenye chakula chenyewe. Mahindi, mchele, ngano na mtama huchavushwa na upepo au zinajichavusha zenyewe, ndizi hazihitaji kabisa, mihogo na viazi unapanda kipande tu. Yaani ugali upo. Ila maboga, matikiti, tufaha na lozi hapo kweli tungeumia, na sahani ingebaki wanga mtupu.

Kinachochanganya watu ni hesabu: karibu robo tatu ya AINA za mazao makuu zinafaidika na wadudu na wanyama wengine wanaochavusha, lakini kwa uzito ni kama theluthi moja ya chakula, na mengi yangepungua tu, sio kuisha. Halafu nyuki wa asali ni aina chache kati ya zaidi ya 20,000 za nyuki.

Unataka kuhakikisha? Tafuta ua jike la boga, lile lenye kiboga kidogo chini yake, lifunge kitambaa chepesi jioni kabla halijachanua, liache hivyo hadi linyauke. Kiboga kitageuka njano na kudondoka. Ukitikisa mbelewele za mahindi asubuhi, vumbi la njano linashukia ndevu bila nyuki yeyote.

Nyuki wana shida kweli, viuatilifu, magonjwa, maua kupungua, ila hiyo meseji ikikufikia usiforwad.