Mwalimu wa hesabu aliyefungua rafu za Madras

Waulize wanafunzi wa ukutubi Ranganathan ni nani, watakutajia kanuni zake tano za maktaba moja hadi tano bila kukwama. Waulize zilitoka wapi, wanatazamana. Kazi yangu hapa Lubumbashi ni kupanga vitabu na kuvipa namba, na inaniuma kuona kanuni zile zinakaririwa huku watu hawajui zilianza kama nini: maamuzi juu ya milango, saa za kazi, viti na rafu, yaliyofanywa na mtu mmoja katika mji wa koloni. Leo nimeamua kumweleza mtu huyo.

Shiyali Ramamrita Ranganathan alizaliwa mwaka 1892 kusini mwa India, Waingereza wakiwa ndio watawala. Alisoma hesabu, akafundisha hesabu, na alichokipenda maishani kilikuwa ni kufundisha. Alikuwa na kigugumizi, lakini hakikumzuia kusimama mbele ya darasa. Kisha Universite ya Madras, mji wa huko huko kusini, ikatafuta mkutubi wake wa kwanza. Waombaji walikuwa wengi, na aliyesomea kazi hiyo hakuwepo hata mmoja. Ranganathan akaipata, akaanza Januari 1924.

Hazikupita siku nyingi akachoka. Mtu aliyezoea vijana, maswali na chaki amewekwa kwenye jengo ambalo wasomaji ni wa kuhesabu! Akarudi kwa wakubwa zake kuwaomba wamrudishe darasani. Wakapatana hivi: aende kwanza London akajifunze kazi, na akirudi bado hana moyo nayo, nafasi yake ya ualimu itakuwa inamngoja.

Kule University College London alikutana na mwalimu wa upangaji vitabu, W. C. Berwick Sayers, aliyekuwa mkutubi wa Croydon. Sayers hakumfungia darasani. Alimhimiza atembelee maktaba, na Ranganathan akazitembelea nyingi. Akaona watoto wakihudumiwa, wafanyakazi wa viwandani wakihudumiwa, akina mama wakihudumiwa. Akaona pia kwamba kila maktaba inapanga vitabu kwa namna yake, na hilo likamsumbua akili ya kihesabu. Aliporudi Madras mwaka 1925, habari ya kurudi darasani ilikuwa imekwisha. Alikaa kwenye maktaba ile karibu miaka 20.

Kitabu chake cha kanuni tano kilitoka mwaka 1931. Kanuni ya kwanza inasema vitabu ni vya kutumika. Inaonekana ni jambo la wazi mno, mpaka usome anavyolifafanua. Anakumbusha kwamba zamani huko Ulaya vitabu vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu. Halafu anashuka kwenye mambo ya kugusika: maktaba ijengwe mahali watu wanapita, saa zake zifuate saa ambazo watu wana nafasi, rafu zisipande juu kuliko mkono wa mtu aliyesimama chini unavyofika, mfanyakazi amkaribishe msomaji. Yeye mwenyewe huko Madras aliwaruhusu wasomaji kuingia katikati ya rafu, wakavuta kitabu, wakakifungua, wakakirudisha, wakavuta kingine.

Hapo nasimama kidogo, kwa sababu hapo ndipo panapotuhusu. Katika maktaba nyingi za miji yetu vitabu viko nyuma ya gishe, lile dirisha la kuhudumia watu. Mwanafunzi anaandika kikaratasi, anakipitisha, anangoja. Anayejua jina la kitabu anakipata. Yule asiyejua, ambaye ndiye hasa anahitaji maktaba, anaondoka mikono mitupu. Najua jibu la wakubwa: vitabu vitaibiwa. Ndiyo, vingine vitaibiwa. Lakini kitabu ambacho hakijafunguliwa na mtu kwa miaka nacho kimeshapotea, ila tu bado kiko kwenye orodha. Mimi nakubaliana na Ranganathan moja kwa moja, na sioni njia ya katikati.

Sasa tuje kwenye upangaji wenyewe, maana watu wanafikiri ni jambo la kutisha.

Sisi huku Kongo tulirithi mfumo wa Wabelgiji wa kupanga vitabu kwa namba, CDU, ulioanzishwa na Paul Otlet na Henri La Fontaine huko Brussels. Chukua kitabu kuhusu wafanyakazi wa shaba wa hapa kwetu. 669.3 ni utengenezaji wa shaba. 331 ni mambo ya kazi na wafanyakazi. Kongo inaandikwa kwa mabano, (675). Ukiziunganisha kwa nukta mbili unapata 669.3:331(675). Msomaji anayefuata shaba atakifikia, na anayefuata habari za wafanyakazi naye, kama mkutubi ametengeneza fishi, yaani kadi za orodha, pande zote mbili.

Ranganathan aliuchukua ufundi huo wa kuunganisha akaufanya msingi wa kila kitu. Alisimulia kwamba wazo lilimjia London, ndani ya duka kubwa la Selfridges, alipoona Meccano, kile kichezeo cha vipande vya chuma, mashimo na skrubu: vipande vilevile vinaunda leo daraja, kesho winchi. Akajiuliza kwa nini tunakitungia kila kitabu sanduku lake tayari. Tuwe na vipande, tuviunge kila kitabu kinapofika. Mwaka 1933 akatoa mfumo wake, Colon Classification, ambao nukta mbili ndizo zilizoupa jina. Baadaye akasema somo lolote linaweza kutazamwa kwa pande tano: kitu chenyewe kinachozungumzwa, kilichotumika kukitengeneza, kinachofanyika, mahali, na wakati. Jaribu na kitabu kuhusu matibabu ya malaria Katanga miaka ya 1950, utaona jinsi kinavyojigawa chenyewe mkononi mwako.

Mfumo wake haukuenea nje ya India kama CDU au ule wa Mmarekani Melvil Dewey. Namba zake ni ndefu, na kuzisoma mgongoni mwa kitabu kunataka mazoezi. Lakini fikra ya pande imeingia kila mahali. Ukiingia kwenye tovuti ya kuuza viatu ukachagua saizi, rangi na bei, kila kimoja peke yake, unafanya alichokifundisha yeye.

Kuhusu bidii yake kuna masimulizi mengi. Inasimuliwa kwamba hata siku ya ndoa yake ya mwaka 1929 alirudi maktaba mchana. Wengi husimulia kwa kumsifu. Mimi namfikiria mkewe, Sarada, na sisifu. Ila miaka ya 1950 alitoa akiba yake ya maisha, rupia 100,000, kwa Universite ya Madras ili ukutubi ufundishwe, na kiti hicho cha uprofesa akakipa jina la Sarada.

Jambo ninalotaka litufikie zaidi ni la mwaka 1931, huko Mannargudi, kusini mwa India. Oktoba mwaka huo Ranganathan alizindua maktaba juu ya mkokoteni wa ng'ombe, ukabeba vitabu hadi vijijini. Ikumbukwe kwamba universite ilikuwa ya watu wachache sana chini ya utawala ule. Mkokoteni ulikwenda kwa waliobaki. Hapa kwetu Wabelgiji walikuwa na maktaba za wazungu mbali na za weusi, na universite ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, ilifungua milango mwaka 1956 tu, miaka minne kabla ya uhuru, ilhali ile ya Madras ilikuwepo tangu 1857. Tulianza nyuma sana. Lakini kila asubuhi baiskeli za makala, yaani mkaa, zinaingia Lubumbashi zimelemewa, kisha zinarudi vijijini bila mzigo. Sanduku moja la vitabu vya watoto linakaa vizuri nyuma ya baiskeli hiyo, na mwenye baiskeli anastahili kulipwa kwa kazi hiyo.

Kulipwa na nani? Ranganathan alilifikiria hilo pia. Alipigania sheria kwa miaka mingi, na mwaka 1948 Madras ikapata sheria ya maktaba za umma, ya kwanza katika India huru. Iliongeza senti kidogo juu ya kodi ya nyumba na ardhi, na fedha hiyo ikatengwa kwa maktaba, isiguswe kwa kazi nyingine. Alikufa mwaka 1972 huko Bangalore, na siku yake ya kuzaliwa, 12 Agosti, ndiyo siku ya wakutubi India. Mbunge au mshauri wa mji anayesoma hapa, andiko la sheria ile ni fupi, na niko tayari kukaa naye tulipitie kipengele kwa kipengele.