Je, wajua kwa nini timu ya besiboli humpa mpigaji hatari beisi (kituo ambacho wachezaji hukimbilia ili wapate pointi) ya bure?

Tuseme kuna auti moja (mchezaji mmoja wa timu inayopiga ameshatolewa), mkimbiaji yuko beisi ya pili, ya kwanza iko tupu, na anakuja mpigaji mkali. Kocha wa timu inayolinda anaweza kuamuru apelekwe beisi ya kwanza bila kurushiwa mpira. Mkimbiaji aliye beisi ya pili hasogei, kwani hakuna anayemsukuma kutoka nyuma. Sasa mpira ukipigwa chini, walinzi hawana haja ya kumgusa mkimbiaji: kukanyaga beisi anayolazimika kuiendea kunatosha, na wakiwa wepesi wanapata auti mbili kwa mpigo mmoja.

Lakini bei yake si ndogo. Katika ligi kuu ya Marekani, MLB, hali ile ya mkimbiaji mmoja tu huzaa wastani wa pointi 0.7 hivi hadi mwisho wa awamu ya timu kupiga. Ukiongeza mtu beisi ya kwanza, inafika karibu 0.9. Biashara hiyo hulipa mpigaji anayefuata akiwa dhaifu kweli, au pale pointi moja inapotosha kumaliza mchezo, maana huyo aliyeongezwa beisi ya kwanza hata akifunga hakibadiliki kitu. Ndiyo maana zamani mpigaji wa nane alikwepwa ili afuate mrushaji, ambaye kwa kawaida hajui kupiga. Tangu 2022 warushaji wana mbadala wa kuwapigia katika ligi zote mbili zinazounda MLB, na hesabu hiyo imekufa.

Hadi 2016 ilibidi mipira minne irushwe kweli, mbali na mpigaji. Hapo ndipo mambo yalipoharibika: mmoja ukimpita mdakaji aliye nyuma ya mpigaji, wakimbiaji wanasonga. Mwaka 2006 mpigaji Miguel Cabrera aliufikia mmojawapo, akaupiga na pointi ikaingia. Tangu 2017 kocha humwashiria tu mwamuzi kwa vidole vinne. Hatari hiyo haipo, na mkono wa mrushaji unapumzika.

Softiboli ya mrusho wa polepole, mchezo ndugu wa besiboli, ilitangulia kuruhusu kumwarifu mwamuzi tu. Katika timu za mchanganyiko wa wanaume na wanawake, kanuni za USA Softball, chama cha softiboli cha Marekani, zina mtego: mwanamume akipewa beisi ya bure, anakwenda hadi ya pili. Mwanamke anayemfuata hupiga, ila kukiwa na auti mbili anaweza kuchagua kwenda ya kwanza bila kupiga. Anayemkwepa mwanamume ili akutane na mwanamke anaweza kujikuta na wakimbiaji wawili kabla hajarusha mpira.