Timu Iliyovunjwa Ikiwa Kileleni: Hamilton Tigers na Mgomo wa 1925

Machi 1925, timu iliyoongoza msimamo wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Kanada na Marekani, haikuingia uwanjani kucheza fainali yake. Wachezaji walikuwa wazima, barafu ilikuwa tayari, na mashabiki walikuwa wameisubiri siku hiyo tangu 1920. Kilichokosekana ni dola 200 kwa kila mchezaji. Kabla msimu uliofuata haujaanza, timu yenyewe ilikuwa imeshavunjwa, na mji wake haujapata timu nyingine ya ligi hiyo mpaka leo.

Timu hiyo ni Hamilton Tigers, ya mji wa Hamilton katika jimbo la Ontario, Kanada. Sisi tunaofundisha historia ya michezo huirudia habari yake kila tunapoulizwa kwa nini timu za kulipwa hufa. Wengi hudhani timu huuawa na vipigo. Tigers walipigwa miaka minne mfululizo na hawakufa. Walikufa mwaka walioshinda, na kilichowaua ni mabishano juu ya jambo moja: mchezaji analipwa kwa muda, au analipwa kwa mechi?

Hamilton ni mji wa viwanda vya chuma, uliopo pembeni mwa Ziwa Ontario, si mbali na Toronto. NHL ilipoanza mwaka 1917 Hamilton haikuwemo. Iliingia 1920 kwa mlango wa biashara. Timu ya Quebec Bulldogs ilikuwa imemaliza msimu wa 1919–20 kwa kushinda mechi 4 na kupoteza 20, na haki yake ya kushiriki ligi ikauzwa kwa kampuni ya Hamilton iliyokuwa ikitengeneza barafu, Abso-Pure. Kulikuwa pia na hesabu za kisiasa. Eddie Livingstone, mmiliki wa zamani wa timu ya Toronto aliyegombana na wenzake, alikuwa akitafuta miji ya kuanzishia ligi pinzani, na Hamilton ulikuwa mji ambao NHL haikutaka aupate. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza timu hii iliwekwa pale kwa faida ya watu waliokuwa na mipango mipana kuliko Hamilton yenyewe.

Pamoja na Bulldogs alikuja Joe Malone, mfungaji hatari kuliko wote wa enzi zile. Tarehe 31 Januari 1920, akiwa bado Quebec, alifunga magoli 7 katika mechi moja dhidi ya Toronto, rekodi ambayo hakuna aliyeivunja katika NHL kwa zaidi ya miaka mia. Lakini Malone peke yake hakutosha, na baada ya misimu miwili aliondoka. Tigers walishika mkia 1921, wakashika mkia 1922, 1923, na tena 1924. Katika mechi 96 za miaka hiyo minne walishinda 28 tu.

Mabadiliko yalikuja kimyakimya. Ndugu wawili wa ukoo wa Green, Wilfred aliyeitwa Shorty na Redvers aliyeitwa Red, walikuja kutoka Sudbury, mji wa migodi kaskazini mwa Ontario. Golini alisimama Jake Forbes. Katikati alikuwepo Billy Burch, kijana aliyezaliwa jimbo la New York na kukulia Toronto, mrefu na fundi wa kukificha kisahani kinachochezewa. Msimu wa 1924–25 vipande vikaungana. Tigers walishinda mechi 19, wakapoteza 10 na kutoka sare moja, pointi 39, pointi moja tu juu ya Toronto. Burch akatunukiwa Kombe la Hart, tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi kwa timu yake.

Msomaji asiyeufuatilia mchezo huu inafaa aelewe kazi yenyewe ilikuwaje, kwa sababu mgomo haueleweki bila hilo. Hoki ya barafuni huchezwa na watu sita kila upande, wakiteleza kwa viatu vyenye vyuma na kugombea kwa magongo kisahani kigumu cha mpira, kwa dakika 60. Leo makocha hubadilisha wachezaji kila baada ya muda usiofika dakika moja, na benchi limejaa watu. Mwaka 1925 kikosi kizima kilikuwa na wachezaji kumi hivi. Nyota wa timu aliweza kukaa barafuni karibu mechi nzima, akigongwa na kupigwa magongo, kisha usiku akapanda treni kuifuata mechi inayofuata. Mechi moja ya ziada ilikuwa mzigo halisi juu ya mwili.

Na msimu huo mechi za ziada zilikuwa sita. NHL ilikuwa imekaribisha timu mbili mpya, Boston Bruins na Montreal Maroons, na ratiba ikapandishwa kutoka mechi 24 hadi 30. Ni ongezeko la robo nzima ya kazi. Mishahara haikuguswa. Wamiliki walipata mapato ya milangoni ya mechi hizo sita, na Hamilton, kwa kuwa ilikuwa inashinda, ilijaza uwanja wake mdogo wa Mtaa wa Barton na kupata faida nzuri.

Msimu wa kawaida ulipokwisha, wachezaji walimwendea meneja Percy Thompson wakidai dola 200 kila mmoja kwa mechi zile sita, la sivyo hawachezi mchujo. Shorty Green ndiye aliyekuwa msemaji wao. Thompson alikataa. Hoja yake ni kwamba mkataba ulimfunga mchezaji kwa kipindi, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Machi, na idadi ya mechi ndani ya kipindi hicho ni juu ya ligi. Wachezaji walijibu kwamba walipotia saini, msimu walioujua ulikuwa wa mechi 24, na bei waliyokubali ilikuwa bei ya kazi hiyo.

Kwa maandishi, meneja alikuwa na pa kusimamia. Kwa haki, mimi nasimama na wachezaji, na sioni aibu kulisema katika makala ya elimu. Mtu anayeuza jasho lake hukadiria bei kwa kazi anayoiona mbele yake. Ukimwongezea kazi robo baada ya makubaliano, na wewe ukachukua fedha yote ya nyongeza hiyo, umemlalia, hata kama karatasi inakuruhusu.

Rais wa ligi alikuwa Frank Calder, Mwingereza aliyewahi kuwa mhariri wa habari za michezo huko Montreal. Hakutaka kusikia habari ya mapatano. NHL ilikuwa inaingia Marekani, kwa wafanyabiashara waliokuwa tayari kumwaga fedha katika viwanja vikubwa, na Calder aliona kwamba wachezaji wa timu moja wakishinda kwa mgomo, wa timu zote watafuata. Akawasimamisha kikosi kizima na kumtoza kila mchezaji faini ya dola 200, kiasi kilekile walichokuwa wanadai. Montreal Canadiens na Toronto walicheza nusu fainali yao, Canadiens wakashinda, na Calder akawatangaza kuwa mabingwa wa NHL bila fainali. Canadiens wakasafiri hadi pwani ya Pasifiki kugombea Kombe la Stanley, lililoshindaniwa wakati huo na mabingwa wa ligi tofauti, na kufungwa na Victoria Cougars, timu ya mwisho kutoka nje ya NHL kulitwaa kombe hilo.

Tuzipige hesabu. Wachezaji kumi kwa dola 200 ni dola 2,000. Badala ya kuzilipa, au hata kukutana nao nusu ya njia, uongozi uliwauza wachezaji hao kwa Bill Dwyer wa New York kwa dola 75,000. Dwyer alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa pombe ya magendo katika miaka ile Marekani ilipoipiga pombe marufuku. Ligi iliyowaadhibu wachezaji kwa kuomba malipo ya mechi sita haikuona ugumu kuwakabidhi kwa mtu huyo. Hamilton ikafutwa kwenye ratiba.

Wachezaji wenyewe hawakupotea. Wakiwa na jezi za nyota na mistari za timu mpya, New York Americans, walilipwa vizuri zaidi ya walivyolipwa Hamilton, na tarehe 15 Desemba 1925 Shorty Green akafunga goli la kwanza la NHL katika ukumbi mpya wa Madison Square Garden. Jeraha la figo lilimtoa mchezoni 1927. Yeye, Burch na Malone wote wamo katika Jumba la Heshima la hoki. Americans nao walikufa 1942, wakilemewa na madeni na vita vilivyowachukua wachezaji wao.

Swali la malipo lilichukua muda mrefu zaidi. Ted Lindsay wa Detroit alijaribu kuunda chama cha wachezaji mwaka 1957, akahamishiwa Chicago, timu dhaifu wakati huo, na jaribio likazimwa. Chama cha kudumu kilipatikana 1967. Mgomo wa kwanza wa wachezaji wa ligi nzima ulikuja Aprili 1992, ukadumu siku 10.

Mji wa Hamilton haukuacha kuomba. Mwaka 1985 ulifungua uwanja mkubwa wa kisasa, Copps Coliseum, kwa matumaini ya kuirudisha ligi. Mwaka 1990 NHL ilipogawa nafasi mpya, zilikwenda Ottawa na Tampa. Mwaka 2009 tajiri wa teknolojia Jim Balsillie alijaribu kuinunua Phoenix Coyotes, timu ya NHL ya jimbo la Arizona iliyokuwa imefilisika, na kuihamishia Hamilton. Ligi ilimpinga mahakamani, na jaji wa Arizona akalikataa ombi lake. Coliseum hiyo imekuwa ikichezewa na timu za ligi za chini.