Kerneli ipige mbiu kabla ya kukata roho

Mashine yangu ya kuhifadhi faili haina skrini wala kibodi. Siku moja ilinyamaza. Taa ya umeme inawaka, feni inazunguka, lakini haiitikii. Nikabadilisha waya wa mtandao, nikazima ruta na kuiwasha, nikahangaika na swichi kwa saa mbili nzima. Mwishowe nikachomeka skrini kuukuu ya VGA, na hapo nikasoma: "Kernel panic - not syncing". Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachoongoza maunzi na programu zote, ilikuwa imeshakufa, nami nilikuwa natibu waya.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Linux, ndiyo kerneli ya mashine yangu, inapopata jambo zito kuliko yote, haipigi mbiu. Tangu toleo la 6.10 la mwaka 2024 inaweza kuchora ujumbe wa msiba kwenye skrini, na 6.12 ikaongeza msimbo wa QR. Ni kazi nzuri sana, ila inamfaa aliye mbele ya skrini. Taa za kibodi nazo hupepesa, lakini kwa kibodi za PS/2, zile za zamani zenye plagi ya duara. Za USB hubaki zimeduwaa.

Pendekezo langu ni kwamba kerneli ikianguka, ipige wimbo mfupi kwa ile spika ndogo ya ubao mama inayolia "pii".

Kwa nini spika hiyo na si kadi ya sauti? Wakati wa panic, yaani kerneli inapoanguka, prosesa nyingine zimesimamishwa, huwezi kuomba kumbukumbu mpya, na ukisubiri kufuli (alama ya kutumia kitu kwa zamu) lililoshikwa na prosesa iliyosimama utasubiri milele. Kadi ya sauti inahitaji draiva, programu ya kuiendesha, iliyo hai. Spika hii haihitaji chochote: unaandika namba 0xB6 kwenye poti (mlango wa kuwasiliana na maunzi) 0x43, unapeleka kigawanyo, namba inayogawa mapigo ya saa ili kupata sauti, baiti mbili kwenye 0x42, kisha unawasha biti mbili za mwisho za 0x61. Saa yake hupiga mara 1,193,182 kwa sekunde. Ukitaka sauti ya hezi 440, kigawanyo ni 2712. Basi. Hata mahali pa kuuchomeka wimbo pameshaandaliwa, ndani ya kitanzi kilekile, msimbo unaojirudia, kinachopepesa taa. Na mwenye kutumia kdump, zana ya kuhifadhi nakala ya kumbukumbu baada ya kerneli kuanguka, hatacheleweshwa, maana kwa kawaida kerneli ya akiba huchukua usukani kabla ya kufika huko.

Mtaniuliza, kwa nini wimbo, si mlio tu? Kwa sababu sikio hukariri wimbo. Mtu asiyejua lolote kuhusu kerneli anaweza kunipigia simu akauimba kwa mdomo, nami nikajua pa kuanzia: zikiwa noti zinazoshuka, kumbukumbu imekwisha; ukiwa mdundo mzito wa chini, ni maunzi yenyewe. Anisomee kwenye simu namba za heksadesimali za skrini, zile zinazochanganya tarakimu na herufi? Nimejaribu, haiendi.

Mashine nyingi mpya hazina spika hiyo, nakubali, na chaguo hili lianze likiwa limezimwa ili asiyelitaka asisumbuliwe usiku.

Wimbo niliokwisha kuutunga ni wa kukosekana kwa mfumo wa faili wa mzizi, ule ambao faili nyingine zote huanzia. Ni do, mi, so, kwa vigawanyo 4554, 3616 na 3044, halafu kimya cha urefu wa noti moja, mahali ambapo do ya juu ingepaswa kulia. Sikio linaisubiri. Haiji, kwa sababu mzizi haupo.